Majina Arobaini na Moja

Mume wangu Laurence alipofariki, mwezi wa sita mwaka juzi, wawindaji wa Kasombwe walimpigia bunduki mara arobaini na moja. Nilihesabu mwenyewe, nimekaa kwenye mkeka karibu na kaburi, na hakuna mlio hata mmoja uliotoka kabla mimi sijautaja.

Niwaeleze taratibu, maana mambo yote yalianzia hapo. Kwenye ukoo wetu mwindaji hapigiwi mlio mtupu. Kila mlio ni wa mwindaji mmoja aliyemtangulia kufa. Anaitwa kwa jina, anaambiwa mgeni wako huyo, mpokee, ndipo baruti inawashwa. Wanaume wanasahau majina, hasa wakishakaa na pombe ya mahindi tangu asubuhi, kwa hiyo mjane ndiye anawekwa pale awakumbushe. Nilianza na Malale, ambaye ndiye alimfundisha mume wangu kufuata nyayo kwenye majani makavu, nikamalizia na Arcade.

Bunduki zenyewe zilikuwa nne. Gobore nne kuukuu, mbili zina kibali na mbili hazina, sioni sababu ya kudanganya. Zilikuwa zinapokezana. Moja ikilia, nyingine inashindiliwa baruti, ya tatu inasubiri, na ile ya nne, ya mzee wa ng'ambo ya mto, ilikuwa inagoma kila baada ya mlio wa pili mpaka watu wakaanza kuitania kwamba na yenyewe imefiwa.

Siku ile alikuwepo mtendaji wetu wa kijiji, Elias, kijana mstaarabu aliyeletwa kutoka mbali huko, hata mwaka hajamaliza. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kanisa, shati jeupe, anashtuka kila gobore ikilia.

Baada ya matanga akaja nyumbani. Alikuta nimeanika michembe ya viazi juani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Hicho kigoda kina msumari, kaa hiki."

Akatoa daftari. Akasema, "Bibi, siku ile ya msiba nilisikia mnataja wenye bunduki. Yale majina unaweza kuniambia tena? Nataka niyaandike."

Mwenzenu nilifurahi. Nilidhani kijana kapenda mila zetu. Wanangu wenyewe hawajawahi kuniuliza majina yale. Nikamkatia viazi, nikamwekea karanga, nikaanza. Siku mbili, jioni na jioni, hadi akamaliza. Na mimi sikuishia kwenye majina. Nilimweleza na bunduki ya kila mmoja, nani alikuwa na ndefu, nani alikuwa na fupi ya begani, nani alifunga ngozi ya pongo kwenye kitako. Nilikuwa naongea vile ninavyoongea siku zote, kwamba Malale ni mkali, Malale hapendi mtu amguse bunduki yake. Kwangu mimi wale wazee bado wapo. Na haikunijia kabisa kumwambia kwamba ni marehemu, kwa sababu hapa Kasombwe hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba mwindaji aliye hai hapigiwi mlio. Nilimwona Elias akichora mistari kwa rula, anaandika namba pembeni. Nikasema moyoni, mwandiko mzuri kweli.

Yeye alikuwa na barua kutoka juu inayotaka kila kijiji kipeleke idadi ya silaha kabla ya Ijumaa. Hilo nililijua baadaye. Ile orodha ilihitaji mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti ni mwanangu Cletus. Aliletewa karatasi wakati bado amenyoa kichwa cha msiba. Akaona jina la Malale, akaona majina ya wazee wa baba yake, akajua ni kumbukumbu za mazishi. Akagonga mhuri, akaweka na saini, akaenda shambani.

*

Mwezi wa tisa tukamsikia Mheshimiwa kwenye redio. Huyu ni mtu mkubwa anayeomba kura kwetu kila ikifika miaka mitano, na barabara ya Mwese haijawahi kuona gari lake mvua ikinyesha. Alikuwa kwenye mkutano Mpanda mjini. Akasema, "Nina taarifa za uhakika! Kule milimani kuna ghala la silaha! Bunduki zaidi ya arobaini, na wenyewe tunawajua kwa majina!" Watu wakapiga vigelegele. Cletus alikuwa anakula, tonge likabaki mkononi.

"Mama, milima gani hiyo?"

"Milima ni mingi baba, kula."

Wiki mbili baadaye wakaja. Magari yao yalikwama kule chini kwenye korongo, wakapanda kwa miguu, askari wa operesheni kama sitini hivi, alfajiri, wakati wanawake tumetoka kuchota maji. Walizunguka kitongoji chote. Walitutoa nje, wanaume wakae chini huku, wanawake kule. Mmoja mwenye sauti kubwa akafungua karatasi.

"Malale Kashinje! Simama!"

Watu wakacheka.

Naomba mnielewe. Hakuna aliyekuwa na dharau. Ukimsikia mtu mzima, ana silaha begani, anamwamuru Malale asimame, na Malale amezikwa mwaka ule wa njaa ya mahindi ya njano, utafanya nini? Hata mimi nilicheka, mkono mdomoni. Mzee mmoja akajibu kwa heshima kabisa, "Afande, Malale yuko kule kilimani," akaonyesha upande wa makaburi. Askari kumi na wawili wakapanda mbio, wametawanyika, wanavizia kwenye vichaka. Tuliwaona wakifika juu, wakizunguka misalaba. Waliporudi hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Wakaendelea kusoma. Kila jina, kimya. Kila kimya, mtu anapigwa. Nyumba zikaanza kupekuliwa, maghala ya mahindi yakamwagwa, nyumba tatu za nyasi zikachomwa. Zile gobore nne walizipata saa ile ile, hazikuwa zimefichwa. Moja ilikuwa nyuma ya mlango wangu.

Halafu akasoma, "Yotham!"

Na Yotham akasimama. Huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, seremala, ana mke na watoto wawili. Alipewa jina la babu wa baba yake, ambaye alikuwa mwindaji, namba kumi na tisa kwenye orodha ile. Yotham wetu hajawahi kushika bunduki. Lakini tulimfundisha kwamba mkubwa akiita jina lako, unaitika.

"Ndiyo mimi, afande."

"Bunduki yako iko wapi?"

"Mimi nina randa na msumeno tu."

Siwezi kuandika yaliyofuata. Walimpeleka nyuma ya banda lake la useremala, wakakaa naye mpaka jua likawa juu. Walipoondoka tulimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, Cletus nyuma amemkumbatia asianguke. Kutoka kwetu mpaka hospitali Mpanda ni safari ya nusu siku. Cletus anasema walipofika kwenye daraja la mbao alihisi uzito wa Yotham umebadilika, lakini hakumwambia dereva asimame. Aliendelea kumshikilia vile vile mpaka mjini.

Tulipomzika hatukupiga mlio. Kwanza hakuwa mwindaji. Pili, hatukuwa na bunduki.

Siku ya tatu mke wake, Minza, akaja akakaa mbele yangu. Ni mtoto wa Kisukuma, familia yake walihamia huku na ng'ombe, mpole sana.

"Bibi, jina la mume wangu lilifikaje kwenye ile karatasi?"

Nikamwambia. Sikumficha hata neno moja. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniinamia kama anavyoniinamia siku zote, kisha akaenda kufunga mizigo. Watoto alirudi nao kwao. Tangu siku hiyo sijawaona.

*

Ndipo zikaanza lawama. Redio ilikuwa inaongea kila siku, na mimi nilikuwa nanunua betri mbili mbili nisipitwe.

Watu wa Mpanda waliuliza: bunduki arobaini na moja ziko wapi? Mmeleta gobore nne na maiti moja. Mheshimiwa akasema yeye alipewa taarifa na wataalamu, kama wataalamu wamemdanganya wawajibike wao. Mkubwa wa operesheni akasema askari wanafanya kazi kwa taarifa, na taarifa ilitoka kwa wanasiasa. Wapinzani wa Mheshimiwa wakasema silaha hazijawahi kuwepo, ajiuzulu. Yeye akacheka kwenye redio, kile kicheko chake cha kukohoa, akasema, "Silaha zilikuwepo. Kuna orodha, ina mhuri. Kama hazikuonekana, basi kuna aliyezihamisha. Muulizeni mwenye mhuri."

Elias alikuwa ameshahamishwa. Hata kuaga hakuaga. Alinitumia ujumbe kwenye simu ya jirani: Bibi nisamehe, sikujua. Namwamini. Ila yeye alienda na shati lake jeupe, mhuri ukabaki kwetu.

Cletus akaanza kukonda. Usiku alilala vizuri, mchana ndiyo hakutulia. Akisikia pikipiki anasimama.

"Mama, wakinichukua, mahindi ya kule bondeni mwambie shemeji ayavune mapema, kuna ngedere."

"Hawakuchukui. Nitawaeleza."

"Utawaeleza nini?"

"Ukweli. Kwani wale si watu?"

Tume ya kuchunguza jambo lile ilikuja mwezi wa kumi na moja, watu watatu. Mkubwa wao aliitwa Bwana Evarist, mtu wa makamo, miwani, viatu vyake amevifunga mifuko ya plastiki kwa ajili ya tope. Walikaa kwenye darasa la shule. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Nilieleza kila kitu, mila, mlio, viazi, karanga, rula. Kijana wa pembeni alikuwa anaandika. Nilipomaliza nikamwambia anipe nisome.

"Bibi unajua kusoma?"

"Nimefika darasa la saba, baba. Wewe lete."

Alikuwa ameandika: Shahidi anakiri kuwa bunduki arobaini na moja zilipigwa siku ya mazishi. Nikasema hapana, bunduki nne, zimepigwa mara arobaini na moja. Akafuta. Nikasoma tena. Wenye bunduki hawajulikani walipo. Nikasema, "Wanajulikana. Wako kilimani. Twendeni."

Bwana Evarist akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Twende," akasema.

Nikampeleka. Miguu yangu ni mibovu lakini siku ile ilinibeba. Kaburi kwa kaburi. Huyu Malale. Huyu Yotham mkubwa, namba kumi na tisa. Huyu hana msalaba, lakini angalia jiwe la kusagia lililogeuzwa, mke wake aliliweka. Alikuwa anafuatisha kwenye orodha kwa kalamu nyekundu, anaweka vema. Jasho lilikuwa linamtoka. Nilianza kuona uso wake unafunguka, na mara moja alicheka kidogo, peke yake, akatikisa kichwa.

"Bibi, ina maana askari sitini walikuja kuwakamata hawa?"

"Ndiyo baba. Na walifika kabisa hapa ulipo."

Tulipomaliza akahesabu. "Thelathini na nne. Bado saba."

"Hao saba hawana makaburi hapa. Arcade aliliwa na simba, kilichopatikana ni kiatu kimoja, tukakiacha huko huko porini. Wawili walienda vita vya Kagera hawakurudi. Watatu walienda kukata mkonge Tanga, wakafia huko. Mmoja alichukuliwa na mto Katuma ulipofurika."

"Vyeti vya kifo?"

"Vya simba?"

Hakucheka. Alikaa juu ya jiwe, pembeni ya Malale, akawasubiri wenzake washuke mbele. Kisha akaongea kwa sauti ndogo.

"Bibi, mimi nakuamini. Nakuamini kwa wote arobaini na moja. Lakini huko nilikotoka wananisubiri watu wawili wanaogombana. Nikirudi na sifuri, maana yake mtu mkubwa alituma askari wakapigane na makaburi, na kijana wako kafa bure. Hiyo karatasi hakuna atakayeisaini. Nikirudi na saba, kila mtu anapata pa kushika. Huyu atasema nilisema zipo. Yule atasema si nyingi kama ulivyosema."

"Na Cletus?"

Alifunga kalamu yake. "Mhuri ni wake, Bibi."

Nilimwambia, "Baba, mimi ndiye niliyetaja majina. Nichukueni mimi."

"Wewe huna mhuri," akasema. Alinishika mkono kunisaidia kushuka, pole pole, kama mwanangu, na sehemu yenye utelezi alitangulia yeye.

*

Walimchukua Cletus siku ya Jumatano, kosa kuhamisha silaha saba. Redio ikasema ukweli umepatikana. Mheshimiwa akashukuru tume. Mkubwa wa operesheni naye akashukuru tume.

Nilihamia Misunkumilo, pale Mpanda, kwa mtoto wa dada yangu, Queen, nipate kuwa karibu na mahabusu. Kila Jumamosi nilipeleka chakula. Ugali, kisamvu cha karanga, kidumu cha maji. Askari wa mlangoni alikuwa anakiingiza kijiko kwenye ugali kila mara, anauchimba mpaka chini, halafu ananiambia pita mama.

Mwezi wa kwanza Cletus alikuwa bado anatania. Aliniuliza ngedere wamevuna gunia ngapi. Mwezi wa tatu alikuwa anakohoa, na shingo yake imekuwa ndogo kwenye kola. Mwezi wa tano akaniambia ameitwa na mtu mmoja aliyevaa kiraia.

"Amesema nikionyesha zilipo hizo saba, naachiwa. Wanataka kupiga picha tu, kesi iishe. Amesema hata leo."

"Na usipoonyesha?"

"Miaka kumi na tano." Alikuwa anaongea ameegemeza paji la uso kwenye nondo. "Mama, nitawaonyesha nini mimi? Niambie tu. Nitawaonyesha nini?"

Nilimwangalia mdomo wake. Pembeni palikuwa na damu kidogo, ya kikohozi, ameifuta haikutoka yote. Nikamwambia kula kwanza.

Kasombwe waliposikia, wanawake walisema tuchimbe makaburi saba, tuweke misalaba, tuwaite tume waje wahesabu upya. Niliwakataza. Udongo mbichi unaonekana, na wale wakiona udongo mbichi watasema ndimo zilimofukiwa.

Nikapanda basi mpaka Usevya. Kule yupo mhunzi anaitwa Methusela, amezeeka kama mimi, jicho moja limeingia ukungu. Nilimkuta anafunga bawaba za geti la mtu.

"Karibu, Mama Cletus. Mwana anaendeleaje?"

"Anakohoa."

Akasukuma kigoda kwa mguu. Nikakaa. Tuliongea habari za mpunga, habari za mvua, mpaka mwenye geti akaondoka. Ndipo nikamwambia ninachotaka.

Akaweka nyundo chini. "Kazi ya kutengeneza gobore niliiacha. Askari walikuja hapa wakaniapisha."

"Najua."

"Saba?"

"Saba. Na zisiwe mpya. Ziwe za watu waliokufa zamani."

"Kutu si kazi. Mkojo wa ng'ombe na chumvi, wiki mbili ardhini, utadhani imelala miaka thelathini." Alinikazia lile jicho lake zima. "Lakini mama, unaelewa? Cletus akiwaonyesha hizi, amekubali zilikuwepo. Yule Mheshimiwa atakuwa hakudanganya. Na Yotham wenu atakuwa amekufa kwa haki."

"Naelewa."

"Na wakishapiga picha wasimwachie?"

"Wamesema watamwachia."

"Nani kasema? Ana jina?"

Sikuwa na jina. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa sina jina la mtu. Nikamwambia, "Kesi inatajwa tarehe kumi na nne mwezi ujao."

Methusela alihesabu kwa vidole. Kisha akainuka, akaenda uani, akarudi anaburuta bomba la maji, la mradi uliokufa. Akaliweka juu ya fuawe, akaligonga mara mbili, akasikiliza.

"Ya kwanza ya nani?"

"Ya Arcade."

"Ilikuwaje?"

Nikamweleza. Urefu wake ulifika kwenye kwapa la Arcade, na Arcade hakuwa mrefu. Kitako kilikuwa cha mninga, kimechongwa kwa shoka kisha kikasuguliwa kwa jani la msasa. Mdomo wake ulipasuka kidogo upande wa kulia, akaukata upana wa vidole viwili. Methusela alikuwa anapima kwa kamba, anaweka alama kwa chaki.

"Shika huko, isicheze."

Nilishika bomba kwa mikono miwili, akaanza kukata.